Mpira Wenye Ncha Mbili: Habari za Mchezo wa Australia, kwa Walimu na Wazazi wa Kandokando ya Ziwa



Aliyepata kupita Kibirizi au Ujiji wakati wa alasiri, dagaa wakiisha kuanuliwa mchangani na wavuvi wakitengeneza taa zao kwa kazi ya usiku, amewaona watoto. Wamekusanya matambara na mifuko, wakaviringisha, wakafunga kwa kamba, na huo ndio mpira wao. Mawe mawili upande huu, mawe mawili upande ule, ndiyo magoli. Hapana mwamuzi wala filimbi, lakini sheria zipo, na avunjaye hukemewa na wenzake kumi kwa mara moja. Waulize mchezo huu ni wa nani, watakushangaa. Ni wetu, watasema, chandimu yetu.

Ni wao kweli. Walakini babu wa babu zao hawakuujua. Uliletwa na wageni kutoka ng'ambo, ukafundishwa kwanza shuleni, na baadaye ukatoka shuleni ukaenda zake mitaani bila kuomba ruhusa.

Leo twataka kuwapa habari za mchezo mwingine wa mpira, usiojulikana sana kwetu, nao ni mpira wa Australia. Katika nchi kadha wa kadha wako watu wanaopita katika shule wakiwafundisha watoto mchezo huo, na yumkini siku moja mgeni wa namna hiyo atashuka kituoni Kigoma na mfuko wa mipira begani. Mwalimu afanyeje? Ana watoto themanini darasani, uwanja mmoja wenye mteremko, na kipindi kimoja cha michezo kwa juma. Akimpa mgeni kipindi hicho, amewanyima watoto kitu kingine. Kwa hiyo yafaa tujue kwanza mchezo wenyewe ni nini, kisha tufikiri kwa nini mchezo mmoja wa kigeni hukaa, na mwingine hupita kama mvua ya siku moja.

MCHEZO ULIOZALIWA KATI YA SHULE MBILI

Mwaka 1858 mji wa Melbourne, kusini mwa Australia, ulikuwa mji kijana. Dhahabu ilikuwa imeonekana katika nchi ile mwaka 1851, na watu walimiminika kutoka pande zote. Wakati wa joto vijana walicheza kriketi, lakini wakati wa baridi walikaa bure wakalegea viungo. Kijana mmoja jina lake Tom Wills, mchezaji hodari wa kriketi aliyekuwa amesomeshwa Uingereza katika shule ya Rugby, aliandika barua gazetini mwezi wa Julai mwaka ule, akashauri kwamba wachezaji wafanye chama cha mpira ili miili yao isilale.

Tarehe 7 Agosti 1858 wanafunzi wa shule mbili, Scotch College na Melbourne Grammar, walikutana kucheza. Kila upande ulikuwa na watu arobaini, na magoli yalikuwa mbali yapata nusu maili. Tom Wills alikuwa mmoja wa waamuzi wawili. Walicheza mpaka jua likashuka, kila upande umepata goli moja. Wakarudi siku nyingine, wakarudi tena mara ya tatu mwezi wa Septemba, wala hapana aliyeshinda. Mwisho wakaacha, wakapatana kuwa wametoka sawa.

Mwaka uliofuata, tarehe 17 Mei 1859, Wills na wenzake wachache waliketi hotelini Melbourne wakaandika sheria kumi. Msomaji aangalie mwaka huo. Sheria za mpira wa miguu tunaoucheza sisi ziliandikwa London mwaka 1863. Basi mpira wa Australia, kwa sheria zilizoandikwa, ni mkubwa wake kwa miaka minne.

Liko jambo jingine la kutajwa kwa uangalifu. Kabla Wazungu hawajafika, wenyeji wa nchi ile walikuwa na michezo yao ya mpira, na mmoja huitwa marngrook. Mpira wa ngozi ya mnyama ulipigwa juu sana, na watu wakaruka kuudaka. Tom Wills katika utoto wake alikaa karibu na kabila la Djab Wurrung, akacheza na watoto wao, akajua lugha yao. Je, alichukua kitu katika mchezo wao? Wanahistoria hubishana juu ya neno hili mpaka leo, maana Wills hakuacha maandishi ya kulithibitisha. Lakini hili halina ubishi: wenyeji wale walinyang'anywa nchi yao kwa nguvu, na hata hivyo wajukuu wao wamekuwa miongoni mwa wachezaji hodari kabisa wa mchezo huu. Mchezo hauulizi nani aliuandika kwanza katika karatasi.

JINSI UNAVYOCHEZWA

Uwanja wake si wa pembe nne, bali ni wa umbo la yai, na ni mkubwa sana. Urefu wake ni mita 135 hata 185, na upana mita 110 hata 155. Kila upande una watu kumi na wanane. Mpira wenyewe nao ni kama yai, una ncha mbili, na ukianguka chini hapana ajuaye utaruka wapi.

Mchezaji aweza kuupiga mpira kwa mguu, aweza pia kuushika kwa mikono na kukimbia nao. Lakini akikimbia hana ruhusa ya kuukumbatia tu mpaka mwisho. Kila mita kumi na tano lazima audundishe chini au auguse ardhini. Akitaka kumpa mwenzake kwa mkono, ni haramu kuurusha. Huuweka juu ya kiganja kimoja na kuupiga kwa ngumi ya mkono wa pili.

Jambo linalowafurahisha watazamaji kupita yote ni kudaka. Mpira ukipigwa kwa mguu ukaenda mita kumi na tano au zaidi, na mchezaji akaudaka kabla haujagusa kitu, mchezo husimama kwa ajili yake. Hapana wa kumgusa, naye hupewa nafasi ya kupiga kwa utulivu. Kwa sababu hiyo wachezaji huruka juu sana, pengine magoti yao hufika mabegani mwa wenzao. Tena katika mchezo huu hapana kuotea. Kwa kawaida mtu aweza kusimama popote uwanjani apendapo.

Kila mwisho wa uwanja husimamishwa milingoti minne, miwili mirefu katikati na miwili mifupi pembeni. Mpira uliopigwa kwa mguu ukapita katikati ya ile mirefu bila kuguswa ni goli, nalo huhesabiwa pointi sita. Ukipita kati ya mlingoti mrefu na mfupi ni pointi moja tu. Hapana mlinda mlango, wala wavu.

Mwalimu wa hesabu ataona mara moja faida iliyomo. Tuseme timu moja imepata magoli saba na pointi nne za pembeni: saba mara sita ni arobaini na mbili, ongeza nne, jumla 46. Timu ya pili imepata magoli sita tu, lakini pointi za pembeni kumi na moja: sita mara sita ni thelathini na sita, ongeza kumi na moja, jumla 47. Wenye magoli machache wameshinda! Mpe mtoto kazi ya kuandika hesabu hiyo ubaoni wakati wenzake wanacheza, wala hutasikia tena kwamba jedwali la sita ni gumu.

Wakubwa hucheza robo nne, kila robo dakika ishirini, na muda unaopotea huongezwa. Kwa watoto uwanja hupunguzwa, mpira huwa mdogo, wachezaji huwa wachache, na kukamatana kwa nguvu hukatazwa au hulegezwa. Huko Australia mafundisho hayo ya watoto huitwa Auskick.

UJIJI NA AUSTRALIA

Pengine msomaji atasema, Australia ni mbali mno, ina nini na sisi? Lakini watu wa ziwa wamepata kuonana nayo zamani.

Mwaka 1878 Edward Hore, baharia wa Kiingereza aliyetumwa na London Missionary Society, alifika Ujiji pamoja na wenzake. Ni miaka saba tu tangu Stanley alipomkuta Livingstone katika mji ule ule. Hore alikaa kandokando ya ziwa kwa miaka mingi, akapima pwani zake kwa mashua, akachora ramani. Alipoacha kazi ya ziwa hakubaki Uingereza. Alikwenda kukaa Tasmania, kisiwa kikubwa cha kusini mwa Australia, na huko Hobart ndiko alikofia mwaka 1912. Basi mtu aliyejua mawimbi ya Tanganyika alizeeka katika nchi ambamo mpira wenye ncha mbili ulikuwa ukichezwa.

Halafu mwaka 1927 George Chambers wa Sydney aliwekwa kuwa askofu wa kwanza wa Central Tanganyika, makao yake Dodoma. Alikuwa mtu wa shule, maana ndiye aliyeanzisha shule ya Trinity Grammar mjini Sydney mwaka 1913. Tangu siku zake walimu, waganga na wauguzi wengi wa Australia walikuja Tanganyika, na kazi ya kanisa hilo ikafika hata nchi ya Waha. Dayosisi ya Western Tanganyika, iliyoanzishwa mwaka 1966, ina makao yake Kasulu.

Hapa pana jambo la kufikiri. Watu wa Australia walifanya kazi katika nchi hii miaka mingi, wakafundisha kusoma, wakajenga shule na hospitali. Walakini mpira wa kwao haukuota mizizi kwetu. Nenda leo Kasulu, Buhigwe au Kibondo, uwaulize watoto habari za milingoti minne, watakutazama tu. Sababu moja ni kwamba si kila mtu wa Australia ameukulia mchezo huo. Melbourne, Adelaide na Perth huupenda sana, lakini vijana wa Sydney wamezoea zaidi raga. Hata hivyo sababu hiyo haitoshi. Ili kuijua nyingine, tutazame jinsi mpira wa duara ulivyoingia.

KILICHOUFANYA MPIRA WA DUARA UKAE

Katika miaka ya 1870, huko Kiungani karibu na mji wa Unguja, palikuwa na shule ya misheni ya UMCA. Wengi wa wanafunzi wake walikuwa watoto waliookolewa katika majahazi ya watumwa, watoto wa makabila mbalimbali, waliotengwa na mama zao na lugha zao. Walimu wao wa Kiingereza waliwafundisha kusoma na kuandika, ufundi wa mikono, na mpira wa miguu.

Wale walimu walikuwa na shabaha yao. Walitaka vijana wajue utii, wafuate filimbi, wajizuie hasira. Lakini wanafunzi walikuwa na shabaha yao pia. Mtoto aliyetekwa kama mali ya mtu sasa alisimama uwanjani kwa jina lake, na wenziwe wakampigia kelele za furaha. Walipomaliza masomo, wengi walitumwa kuwa walimu, huko Magila katika Bonde, huko Masasi, na hata ziwa Nyasa. Mtu akienda mahali kufundisha huenda na yote anayoyapenda.

Mjini Unguja nako mchezo ukatoka katika mikono ya misheni. Vijana wa mitaa wakafanya vilabu vyao, Waislamu na Wakristo, matajiri na wachukuzi, na Jumapili na Ijumaa zikawa na mambo yake. Bara kadhalika. Reli ya kati ilipofika Kigoma mwaka 1914 iliunganisha ziwa na pwani, na mambo ya pwani yakapata njia nyepesi ya kufika huku, mazuri na mabaya pamoja. Mwaka 1926 Kenya na Uganda zilianza kushindania kombe la Gossage, lililotolewa na watengenezaji wa sabuni. Tanganyika iliingia mwaka 1945, na Unguja ikafuata baadaye.

Twaona basi sababu tatu. Ya kwanza ni umaskini wa vifaa vyake, nao umaskini huu ni baraka. Matambara na kamba yatosha. Mpira wa duara ukiwa umepondeka kidogo bado utaviringika. Ya pili ni wepesi wa sheria, maana mtoto wa miaka mitano huelewa kwa kutazama tu: usiguse kwa mkono, peleka mpira kati ya mawe yale. Ya tatu ndiyo kubwa kuliko zote, nayo ni jirani. Shule ya huku ilicheza kwa sababu shule ya kule ilicheza. Mtaa ulikuwa na mtaa wa kuushinda, mji ulikuwa na mji, nchi ilikuwa na nchi. Mchezo usio na jirani wa kushindana naye ni kama bao la mtu mmoja. Utapanga kete, lakini utacheka na nani?

Matunda yake tumeyaona. Tarehe 25 Julai 2021 Simba na Yanga walikuja Kigoma kumaliza mashindano ya kombe la shirikisho la Azam katika uwanja wa Lake Tanganyika. Simba wakashinda kwa bao moja bila, lililofungwa kwa kichwa na Taddeo Lwanga wa Uganda. Watu walitoka Kasulu, Uvinza na vijiji vya ziwani ili waone kwa macho yao. Mwaka 2023 timu ya Mashujaa ya Kigoma ikapanda ligi kuu, na tangu hapo watoto wa Mwanga na Gungu waliweza kuwaona wakubwa wakicheza karibu na nyumbani. Mchezo wa wageni wa Kiungani umekuwa mchezo wa Kigoma, wala hapana anayeukumbuka ugeni wake.

WALIOZALIWA UPANDE WETU

Sasa tugeuze habari. Kambi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya, ilifunguliwa mwaka 1992 kwa ajili ya wakimbizi wa vita vya Sudan. Mwaka 1994 mtoto aitwaye Aliir Aliir alizaliwa humo, wazazi wake wakiwa watu wa Sudan ya Kusini. Akiwa bado mtoto jamaa yake walihamia Australia. Huko, si kambini, ndiko alikojifunza mpira wenye ncha mbili. Mwaka 2016 aliingia uwanjani kwa mara ya kwanza na timu ya Sydney katika ligi kuu ya nchi ile. Baadaye akahamia Port Adelaide, na mwaka 2021 akachaguliwa katika kikosi cha wachezaji bora wa Australia nzima.

Yuko na binti, Akec Makur Chuot, ambaye naye alipita Kakuma kabla ya kufika Australia. Ligi kuu ya wanawake ya mchezo huu ilipoanza mwaka 2017, alikuwa uwanjani na timu ya Fremantle.

Habari hizi zatuhusu sisi wa Kigoma kuliko watu wengi. Katika wilaya ya Kasulu iko kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ndugu zetu waliovuka ziwa kutoka Kongo, na baadaye Warundi wakaongezwa. Maelfu ya watoto wamezaliwa humo. Wengine hurudi kwao, wengine hupelekwa kukaa nchi za mbali, na Australia ni mojawapo ya nchi hizo. Mtoto wa namna hiyo akifika shule ya kigeni hajui lugha, hajui desturi, hana rafiki. Saa ya mapumziko hutokea mpira. Mtoto ajuaye kudaka huitwa hata kabla jina lake halijajulikana.

Lakini tusiseme kupita kiasi. Kakuma hapakuwa na mtu wa kumfundisha Aliir mchezo huu, wala hakupungukiwa na kitu. Alijifunza alipopata majirani wanaoucheza. Sababu ile ya tatu inarudi pale pale.

MWALIMU AKITAKA KUJARIBU

Tuseme mwalimu amesoma haya, na moyo wake umependa. Asingoje mgeni, wala asinunue kitu. Aanze hivi.

Kwanza, watoto watengeneze mpira wenyewe. Waviringishe matambara kama kawaida, lakini wafunge pande mbili zichongoke kidogo. Mpira huo hautadunda, na haidhuru, maana sheria huruhusu kuugusa chini badala ya kuudundisha. Kwa wale wachezao mchangani huu ndio utaratibu bora, kwa kuwa mpira wowote mchangani hufa.

Pili, juma la kwanza wasicheze, bali wajifunze kudaka wawili wawili, kisha kupiga kwa ngumi kutoka kiganjani. Watoto wetu ni hodari wa miguu lakini mikono yao haina mazoezi, isipokuwa wasichana, ambao kwa netiboli na rede wamekwisha kuzoea kudaka na kukwepa. Hapa mwalimu ataona jambo la kumfundisha yeye mwenyewe. Msichana ambaye kila siku husimama pembeni kutazama kaka zake wakicheza, leo ndiye atakayedaka mpira wa kwanza. Asimrudishe pembeni baadaye.

Tatu, uwanja uwe mdogo. Vilima vya Kigoma havina nafasi ya mita mia na hamsini. Watu tisa kila upande watosha, na vijiti vinne vya mianzi kila mwisho. Kukamatana kukatazwe kabisa. Mwenye mpira akiguswa kwa mikono miwili, apige au atoe mara moja. Tena asiachwe mtoto aruke juu ya mgongo wa mwenzake, ingawa wakubwa hufanya hivyo. Australia kwenyewe wakuu wa mchezo wamekaza sheria za kulinda kichwa, kwa sababu waliona madhara yake kwa wachezaji wa zamani. Mtoto akipigwa kichwani atolewe, asirudi siku hiyo, hata akisema ni mzima.

Nne, mtoto mmoja aandike pointi ubaoni, na kila mara awe mwingine.

Na mgeni akija na mipira yake mizuri ya ngozi, tumpokee kwa heshima kama ilivyo desturi yetu, tumpe maji na kiti. Kisha kabla ya kumpa kipindi, tumwulize maneno manne. Mipira hii ikipasuka, mingine itatoka wapi? Utakapoondoka, nani kati yetu atakuwa amefundishwa kuwa mwamuzi? Wasichana watacheza, au watapiga makofi tu? Na mwisho, tutacheza na nani? Katika mashindano ya shule za msingi, UMITASHUMTA, mpira wa miguu upo, netiboli ipo, riadha ipo. Mpira wa Australia haupo. Mtoto aliye hodari ndani yake hana pa kwenda nao kutoka kijijini kwake. Si kosa la mtoto, wala si kosa la mchezo, lakini mwalimu hana budi kulijua kabla hajampa tumaini.

Mgeni mwema hatachukia maswali haya. Atayajibu, au atakwenda kuyatafutia majibu. Mgeni anayetaka picha tu ataona kiu na kuaga mapema.

Viko visiwa ambako maswali haya yalipata majibu. Nauru, nchi ndogo ya bahari ya Pasifiki, imeufanya mchezo huu kuwa mchezo wake wa taifa, na Papua New Guinea nayo inao wachezaji wengi. Nchi hizo ni majirani wa Australia, watu wao walikwenda na kurudi, na Nauru ni ndogo hata kila upande wa kisiwa una mwingine wa kushindana nao. Walipata jirani, na mchezo ukakaa.

Basi, ndugu walimu, shauri letu ni hili. Asijaribu mwalimu mmoja peke yake. Wapatane wawili, mmoja wa Bangwe na mmoja wa Ujiji, au mmoja wa Gungu na mmoja wa Kibirizi, wafundishe muhula mmoja, kisha watoto wao wakutane. Wazazi nao waje kutazama, hata kama watacheka mwanzoni wakiona mpira ukiruka kama chura. Baada ya mashindano hayo mwalimu asiseme neno. Apite ufukweni Jumamosi jioni, wakati hapana kipindi wala filimbi. Akiwakuta watoto wamesimamisha vijiti vinne badala ya mawe mawili, na wanabishana kama hiyo ilikuwa sita au moja, ajue kazi yake imekwisha. Akiwakuta na mawe mawili na mpira wa duara, asihuzunike, wala asiwakemee. Auweke ule wenye ncha mbili kabatini, na aketi mchangani atazame chandimu.